Kwa Nini Sili Senene

Mjukuu wangu Atugonza,

Hapa Kanazi hatujambo. Mama yako amepona mguu, na kahawa imeanza kuiva.

Umeuliza kwa nini kila msimu nakaanga senene lakini siwali. Enzi zetu mwanamke aliwakamata panzi hao, akawanyonyoa mabawa na miguu, wakaliwa na wanaume tu; kwa mwanamke ilikuwa mwiko. Sasa miaka ile ya ujamaa, mdogo wangu Kemilembe akafanywa mkuu wa chuo cha ualimu cha wasichana. Alipokuja likizo, baba alimkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akamsogezea bakuli la senene. Senene niliowanyonyoa mimi tangu alfajiri! Nilimwonea wivu.

Kemi alichota, akashuka kitini, akaja kukaa kando yangu kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, na viatu vyake vya ngozi miguuni. Akaninyooshea kiganja.

“Dada, tule wote.”

“Siwapendi,” nikasema, nikageuza uso.

Alifundisha walimu wa kike mpaka akastaafu, na kila msimu alikuja kunikaribisha tena. Nilimjibu vilevile mpaka tukamzika.

Ukweli ni kwamba sijawahi kuwaonja. Ukija likizo, ninyooshee kiganja wewe, uniambie tule wote.

Bibi yako,
Kokugonza