Homa Niliyoizua Kitandililo

Mwalimu wangu Ngole,

Kamwene. Nimechukuliwa! Mimi, wa darasa la nne, niliyefukuzwa shule kwa mdomo, naingia darasa la madresa, wauguzi wa dispensari kama wewe, kule Njombe, na wenye vyeti vyao vilivyokunjwa vizuri wengine wamerudi makwao. Ningekosa, ningepanda lori la manamba kwenda kwenye mkonge kama kaka zangu. Na nilikaribia kukosa kwa sababu yako wewe. Usikatae, ngoja nieleze.

Unakumbuka saa yako ilivyoingia maji, tulipovuka mto kwenda Kitandililo kuchanja watu ndui? Uliitikisa, ukaiweka sikioni, ukasema, "Basi. Kuanzia leo saa ni koo." Ndipo uliponifundisha ule wimbo wa kanisani kwenu. Ubeti mmoja, kwa mwendo wa mtu anayetembea bila mzigo, ni nusu dakika kamili. Shika mkono wa mgonjwa, imba moyoni, hesabu mapigo, zidisha mara mbili; yakienda mbio, ni homa. Mama aliponisikia nauimba jikoni alikimbilia rozari. "Huyo mzee wa Kilutheri anakutoa kwa mapadre!" Nikamwambia, mama, kilichobatizwa huko ni vidole tu.

Nilikuwa hodari, sema kweli. Wewe ulikuwa unasema, "Mdomo wako ungekuwa dawa, Makambako yote ingepona." Hiyo nimeihesabu kuwa sifa.

Halafu ukafa. Siku ile ya mwisho sikukushika mshipa, Mwalimu. Mkono wako ulikuwa pale juu ya blanketi, nami nikajifanya napanga chupa. Niliogopa kuhesabu.

Kwenye mazishi kwaya yenu iliimba wimbo wetu. Lakini waliuvuta! Kila neno kama mtu anayepanda mlima na gunia. Mimi, Mkatoliki peke yangu pale mbele, nilikuwa naujua wote, nikauvuta pamoja nao mpaka ubeti wa mwisho.

Baada ya hapo nikabaki peke yangu kwenye dispensari yetu ya Lyamkena, dresa mpya hajaletwa, na kipimajoto unajua tulishakivunja. Basi nikawa nashika mikono ya waliotoka Kitandililo. Mwalimu, kila mtu ana homa! Bibi, homa. Mtoto, homa. Mzee wa kanisani kwenu, yule wa kanzu, aliyekuja kudai chupa alizotuazima, homa. Ungekuwepo ungenizaba kofi. Mimi nikajiona nimegundua jambo. Nikaandika Njombe kwa mwandiko wangu wa kujidai kwamba homa kubwa imeingia Kitandililo, na watu nimewaagiza wasitoke nyumbani wala wasije sokoni Lyamkena. Nikapiga mstari chini mara mbili.

Siku ya mtihani wa kuingia darasa, kule Njombe, Bwana Daktari, yule Mzungu wa wilaya, aliniangalia juu ya miwani. "Wewe ndiye wa homa ya Kitandililo?" Nikavuta kifua. "Ndiye mimi, bwana." Akamwita mfagiaji wa hospitali, akaniambia nimpime. Akaninyooshea saa, ule mshale mwembamba unaokimbia sijawahi kuusoma, nikasema siihitaji. Nikaimba moyoni. Tisini na nane! Yeye akapima kwa saa yake. Sabini na nane.

"Kwako huyu ana homa," akasema. "Kwangu hana."

Mfagiaji mwenyewe akadakia, "Mimi sijaugua tangu ndui ya utotoni, msinitafutie ugonjwa." Wenye vyeti wakacheka hadi wakashikana mabega.

Hapo ndipo nilipojua. Ubeti wangu ulikuwa umerefuka. Nilikuwa bado nauimba kama siku ile ya kaburini, kwa hiyo watu wote walinipigia mapigo mengi. Kitandililo haikuwa na homa. Ni mimi niliyekuwa bado nakuzika.

Nikaeleza yote, sikuficha. Daktari akasema, "Imba kama alivyoimba yeye." Nilijaribu, mwendo ukanipotea. Basi nikaanza kupiga hatua pale pale niliposimama, mkono wa mfagiaji mkononi, kama vile tunashuka kutoka Lyamkena asubuhi na umande, wewe mbele na kisanduku cha chanjo, miguu yako mirefu kama ya korongo, mimi nyuma nalalamika njaa. Na mwendo ukaja. Ukaja wenyewe! Sabini na nane. Hakuna aliyecheka.

"Aliyekufundisha yuko wapi?"

"Tumemzika, bwana."

Akasema, "Utakuja. Saa utajifunza kuisoma. Lakini kwanza rudi ukawaambie watu hawaumwi."

Kwa hiyo kesho natoka, nyumba kwa nyumba. Ningeweza kusema homa imekwisha kwa dawa zangu, wangenichinjia kuku. Sitasema hivyo. Nakuahidi nitasema nilikosea kuhesabu, na daftari la wagonjwa nitalisahihisha kwa jina langu, bila kukusingizia wewe uliyelala. Kwa Mama Atu nitaanzia, maana amejifungia ndani siku tano na ndege wamemaliza ulezi wake wote.

Pumzika, Mwalimu. Kesho ukisikia miguu inakimbia huku inaomba radhi, ni mimi, na nyuma yangu ni Mama Atu na jembe.

Mwanafunzi wako mwenye mdomo,
Luka