Mkia wa Mzee Meno

Kwako Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na wifi na watoto, na kwamba kile kikohozi cha mdogo kimekwisha. Sisi huku hatujambo, ukiniondoa mimi na miguu yangu. Baba anakula vizuri, magoti humsumbua asubuhi tu kunapokuwa na baridi, na anakusalimu sana. Najua umenipigia simu mara nyingi wiki hizi nami sikupokea. Usidhani ni kiburi. Kuna maneno ambayo nikiyasema kwa mdomo sitayafikisha mwisho, ndiyo maana nimekaa kuyaandika.

Kwanza nikueleze kazi yangu ilivyo, maana tangu uhame hatujawahi kukaa nikakusimulia. Natembeza wageni katika ukumbi wa mifupa pale makumbusho, na kutwa nzima kazi yangu ni kusema hapana. Hapana, binadamu hawakuwawinda dinosaria. Wale wakubwa wote walikwisha kutoweka mamilioni ya miaka kabla mtu hajakanyaga ardhi. Hapana, yule mwenye mbawa za ngozi si dinosaria, ni jamaa wa pembeni tu. Hapana, hawakuwa wote wakubwa kama nyumba, wengine hawakumzidi kuku. Wala hawakwisha kabisa, kwa sababu ndege ni uzao wao. Nikifika hapo lazima atokee baba wa watu mmoja amwambie mkewe kwamba kumbe jana walikaanga dinosaria. Nami nacheka naye, kana kwamba mzaha huo nausikia leo.

Basi nikishamaliza hizo hapana zote, wageni wanageuka na kumwona Mzee Meno.

Unamkumbuka, wewe ndiye uliyekuwa ukimshikia Baba ndoo ya saruji alipokuwa akimjenga. Nondo, wavu wa waya, saruji, kisha rangi ya kijivu juu yake. Alimsimamisha wima kama mtu anayesubiri basi, mkia umelala sakafuni nyuma yake. Watoto ndio waliompa jina, na hakuna aliyetoka mle ndani bila kupiga picha naye. Lakini Kaka, karibu kila kitu chake kilikuwa makosa. Mgongo ulitakiwa ulale sambamba na ardhi. Mkia ulitakiwa uwe hewani, umpe mizani asianguke kifudifudi. Viganja vilitakiwa vitazamane, Baba aliviinamisha chini kama mtu anayepiga kinanda. Miaka yote hiyo nimesimama chini ya kazi ya baba yangu mzazi, nikiwaambia wanafunzi wasiamini wanachokiona. Wananisikiliza, wanaitikia, halafu wakipewa karatasi wachore, wanamchora yeye vilevile, mkia chini.

Mwaka huu ikaamuliwa ukumbi ukarabatiwe na Mzee Meno avunjwe, ajengwe mwingine mahali pake. Nilimpa Baba habari hiyo tukiwa mezani. Alimaliza chakula, akanawa, akaenda kukaa nje.

Siku chache baadaye nilikuwa na darasa zima mbele yangu, nikamwona anaingia. Amenyoa ndevu, amevaa koti lake la kutokea. Mlinzi wa zamu hamjui, kwa hiyo alimpitisha kama mgeni yeyote. Alisimama nyuma ya watoto, na macho yetu yalipokutana alinitazama kama mtu asiyenijua. Nikaendelea, ningefanyaje. Nilipomaliza maelezo ya mkia, akanyoosha mkono kama walivyofanya wanafunzi.

“Mwalimu,” akasema, “kwa hiyo aliyemtengeneza huyu alikuwa mjinga?”

Watoto wote walinigeukia wakisubiri jibu.

“Hapana, mzee,” nikamjibu. “Alipewa picha, na waliompa ndivyo walivyoamini siku zile. Alijenga alichoelezwa, na alikijenga vizuri.”

Akashukuru, akatoka. Mwalimu wao akawapeleka watoto chooni, nami nikakaa kwenye benchi mpaka waliporudi.

Mafundi wa kubomoa walikuja wakijua watamaliza kabla ya chakula cha mchana. Siku iliisha hata mguu mmoja haujatoka, na kesho yake ikawa hivyohivyo. Nyundo zilikuwa zinarudi tu. Nilimsikia mmoja wao, ameshika kiuno, akiuliza ni mwendawazimu gani aliyejaza nondo namna hii. Mwendawazimu mwenyewe alikuwa ameketi mlangoni, kwenye kiti alichopewa na mlinzi, maana siku hizo alikuja kila siku. Mwishowe aliinuka, akawaonyesha kwa fimbo yake mahali alipofunga nondo za mkia na za kiuno, kwamba wakate hapo na hapo. Kisha akatoka nje kabla hazijakatwa. Sikumfuata. Nilisikia kishindo nikiwa stoo.

Sasa nifike kwenye lililonikalisha. Wifi ameniambia umeandika malalamiko ya kupeleka gazetini, ukimshutumu mkurugenzi wetu kwamba amemvunjia mzee heshima. Nakuomba usiyapeleke. Mkurugenzi alitaka Mzee Meno abaki. Alisema watu wanampenda, tumwekee kibao tu cha kueleza makosa yake. Akaniuliza mimi maoni, kwa kuwa ndiye ninayeshinda mle ndani, na mimi ndiye niliyesema avunjwe. Nilitaja elimu, na niliyoyataja ni kweli. Lakini ukweli wa ndani ni kwamba nilichoka, Kaka. Nilichoka kumsahihisha Baba kila siku mbele ya watu asiowajua. Nikiwaza na kibao chenyewe, ambacho kingeendelea kumsahihisha hata mimi nikistaafu, nikaona heri asiwepo.

Kama una hasira, nielekezee mimi. Baba anajua. Nilimwambia Jumapili, nikimkata kucha, nikiwa nimeinamia vidole vyake nisimwone uso. Hakuuvuta mkono. Akauliza huyo mpya watampaka rangi gani. Nikamwambia rangi yake halisi hakuna aijuaye, watakisia.

“Basi mwambie fundi asizidishe nondo,” akasema. “Atakayekuja kumvunja naye ana mgongo.”

Nikahamia mkono wa pili.

Nikomee hapo, vidole vimechoka. Waambie watoto shangazi yao anawakumbuka, na wifi mpe salamu zangu nyingi. Ukipata nafasi njoo umwone mzee. Mimi simu nitapokea.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba