Gauni la Mama Mpishi

Leeds, 3 Oktoba 1993

Baba yangu mpendwa,

Kifua kinaendeleaje? Huku tu wazima, ila mume wangu Colin ana mafua na analia kama mtu anayekata roho.

Jumapili nilikukuta umelala na koti, jiko la gesi la kuotea moto umelizima kubana pesa. Iliniuma sana, Baba. Nikachungulia karatasi zako za mshahara pale kabatini. Una miaka sabini na miwili, na kila Krismasi ukumbi wa maigizo bado unakukata pesa za bima ya taifa, iwe wiki ya maonyesho manane au ya mawili tu! Aliyetimiza sitini na mitano hakatwi tena. Hizo fedha ni zako, zinarudishwa. Tia sahihi fomu hii.

Binti yako,
Noreen

Morecambe, 9 Oktoba 1993

Noreen mwanangu,

Kifua kinapiga filimbi, ila bado hakijadai malipo. Colin mwambie apone au afe, asiwachoshe.

Fomu yako nimewashia jiko, kwa hiyo usiseme siku hizi sioti moto. Wewe, pale ukumbini mimi nina miaka sitini! Nilijipunguzia nilipoanza kuvaa gauni na kuigiza mama mpishi kwenye kichekesho cha Krismasi cha watoto, maana meneja, Bwana Hartley, hampandishi mzee kwenye ngazi ile ya jukwaani. Nikidai makato, nitataja umri. Nikitaja umri, nitavuliwa gauni.

Tangu mama yako afariki, nina wiki sita tu kwa mwaka ambazo watoto wananipigia kelele, "Yuko nyuma yako!", nami kwa makusudi nageuka upande mwingine, mwizi wa pudini, keki yangu ya Krismasi, ananipita. Wiki zilizobaki naongea na redio. Waache wakate.

Baba yako

Leeds, 2 Desemba 1993

Baba,

U hali gani? Hii ni barua ya tatu na hunijibu, kwa hiyo najua umeshasikia.

Ni mimi. Niliomba fomu nyingine, nikaweka sahihi yako. Nilidhani hundi itakuja kimyakimya. Sikujua ofisi ya bima itauandikia ukumbi kuulizia mishahara yako, na tarehe yako ya kuzaliwa imeandikwa pale pale juu ya barua. Nilimpigia Bwana Hartley nikamsihi akurudishie gauni. Akasema, "Dada, akianguka mzee wa sabini na miwili nitasema nini?"

Nilitaka upate joto tu. Nitukane, Baba, lakini niandikie.

Binti yako,
Noreen

Morecambe, 6 Januari 1994

Noreen mwanangu,

Natumaini Colin amepona au mmeshamzika. Mimi mzima, na nyumba ina joto. Hundi ilifika. Nimelipa gesi, na chenji nikanunua tiketi ya kichekesho.

Nilikaa safu ya mwisho. Kijana waliyempa gauni langu anajitahidi, ila ana haraka. Pindo wamelikata, maana ni mfupi. Mwizi wa pudini akanyata, watoto wakalipuka, "Yuko nyuma yako!"

Nikageuka, Noreen. Nilikuwa nimeshasimama kabisa. Nyuma yangu palikuwa na ukuta tu. Mama mmoja aliyekaa kando yangu akaniuliza, "Umepoteza kitu, mzee?" Nikamwambia hapana, nikakaa.

Jumapili hii usije. Bado nina hasira nawe, na sitaki uione. Njoo ile inayofuata, nami nitaliacha jiko likiwaka.

Baba yako