Mama Mkwe, Mvua na Safari ya Mizabibu

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla sijaharibu mambo, maana mimi ni mshona mapazia na mume wangu ni fundi wa friji, na likizo hii alinichukua kwa gari tukatembelee mashamba ya mizabibu, ila dakika ya mwisho mama yake naye akapanda kiti cha nyuma na kikapu chake, nikanuna kimoyomoyo kwa sababu mimi na yeye tulikuwa watu wa salamu tu, na tulipofika mvua ikatukamata, vilima havionekani, njia za shambani tope tupu, mume wangu akasusa akajilaza chumbani, basi mimi na mama tukatoka na mwavuli mmoja tukaingia ghala la mvinyo lililo chini ya ardhi, tukatembezwa kati ya mapipa makubwa kuliko kitanda changu, mama akaonja tone, akakunja uso, akasema utamu wote umeishia puani, tukacheka hadi mwenyeji akatuletea viti, na hapo mama akanishika mkono akaniambia, "Mwanangu hajui kusema, kama baba yake. Usidhani hakupendi," nami nikalia, maana jambo hilo nimelibeba miaka. Sasa mume wangu anasema safari iliharibika, anataka turudi kiangazi, wawili tu, mama asijue, na mimi nataka mama aje nasi, ila naogopa kumwambia mume wangu. Nifanyeje?

Mshona Mapazia

Dada yangu, kwanza hongera. Wengi huniandikia kuwalalamikia mama wakwe, wewe umepata wa kucheka naye. Lakini masikio yako ni ya kazi gani? Umeambiwa mumeo hajui kusema, ukalia, ukafuta machozi, kisha ukarudi nyumbani kungoja aseme. Mwanamume anayetaka kuendesha gari njia ile ile mara ya pili ili akae na wewe peke yako, amekwisha kusema. Hukusikia kwa kuwa hakutumia mdomo.

Nenda naye. Ila hilo la kumficha mama likatae leo. Mwambie wewe mwenyewe, uso kwa uso, na atafurahi kuliko unavyodhani. Mumeo naye mweleze kuwa safari haikuharibika, na ulichoambiwa ghalani mwambie mkiwa njiani, macho yake yakiwa barabarani, maana watu wa aina yake husikia vizuri wasipotazamwa. Usimlazimishe kujibu.

Na mama mpangie safari yenu, nyinyi wawili. Mumeo abaki nyumbani, ajipikie.