Kaka ameng'oa saladi

Shoga, kaka yangu ameng'oa saladi zote. Zote.

Nimeingia grinihausi yetu asubuhi na mnunuzi wa saladi kutoka hotelini, nikakuta mistari ya nyanya tu na udongo mtupu katikati.

Nikamuuliza kaka. Akanijibu mbele ya mgeni, bila aibu, "Zilikuwa zinanyonya mbolea ya nyanya zangu."

Nyanya zake. Hata moja haijaiva. Miezi miwili hii, saladi ndizo zinazolipia maji na hiyo mbolea yenyewe.

Mnunuzi akaondoka bila kuaga. Kaka akaniambia eti nisinune.

Nyanya zake, shoga. Nikaenda nikafunga bomba.

Akaja mbio, "Mbona maji hayatoki?"

Nikamwambia, "Aliyekuwa anayalipia umeshamng'oa."

Sasa hivi ananipigia simu. Acha iite mpaka ichoke.