Watoto Waliokimbilia Senene Mazikoni

Koku, rafiki yangu,

Filamu yako imeonyeshwa leo mchana. Nasema yako ingawa tuliitengeneza wawili, maana ulishika kamera mpaka maradhi yakakuzidi nguvu, mimi nikabaki na kuhariri na kugombana na watu. Ukumbi wa kanisa pale Ijuganyondo ulijaa hadi mlangoni. Ungekuwepo ungetembea kwa maringo, nakujua!

Ugomvi ulikuwa juu ya kipande kile tulichopiga Muleba. Babu wa kwenye hadithi anazikwa, mchungaji anasoma, mara senene, wale panzi wetu wa kukaanga, wanaanza kutua kwenye migomba. Watoto wanachomoka pale kando ya kaburi na chupa zao za plastiki, wanapigana vikumbo, wanacheka. Hatukuwafundisha. Senene walishuka kweli, hata mchungaji wetu wa kuigiza akawa anawatupia jicho.

Bwana wa Dar aliyetaka kuinunua filamu alisema kipande hicho kikatwe, watoto wa msibani wanatakiwa walie. Shangazi yako wa Nshambya naye: "Mtatuaibisha. Watasema Wahaya hatuna adabu." Nilikataa. Wewe uliniambia hospitalini, sauti imebaki kidogo, "Mtoto huionja huzuni, akaenda kucheza, akarudi tena. Wakikata hapo, walitoe na jina langu."

Lakini kuna jambo hulijui. Siku tulipokuzika Nyanga, Alinda wako alicheza na binamu zake kibanjani, kwenye migomba, akacheka kwa sauti. Mtu mzima mmoja akamkamata mkono: "Mama yako yuko kwenye jeneza, wewe unacheka?" Tangu hapo mwanao hakucheza tena. Shuleni wenzake wakitoka mapumziko, yeye anabaki darasani. Nilimwambia hana kosa, bibi yake akamwambia, hakutuamini. Iliniuma sana, Koku. Nilikuwa naogopa utoto wake umeishia pale.

Leo alikaa kati yangu na mama yako. Kipande kilipofika, nilingoja watu waanze kunung'unika. Ndipo bibi mmoja wa mbele akaangua kicheko. "Kasinge waitu, ahsanteni! Mimi nilikimbilia senene baba yangu anazikwa, nikachapwa!" Ukumbi mzima ukacheka, wengine huku wanafuta machozi. Nilijivuna, sikufichi. Nilijivunia wewe.

Alinda akanivuta, akaninong'oneza sikioni.

"Mama ndiye aliyewapiga picha?"

"Ndiye."

"Hakuwakasirikia?"

Nikamwonyesha picha inavyotikisika hapo. Nikamwambia mama yake alikuwa anacheka, akashindwa kuituliza kamera. Aliangalia mpaka kipande kikaisha. Tulipotoka nje, watoto walikuwa wanakimbizana uwanjani. Akavua viatu vyake vya kanisani, akanipa nishike, akaenda.

Mama yako alinishika bega, tukasimama tunamtazama.

Yule bwana wa Dar hakuinunua, na asinunue. Nitaizungusha mwenyewe, Muleba yote mpaka visiwani kwa wavuvi, nzima kama ulivyoiacha. Na nitakazotengeneza baada ya hii, sitamfundisha mtoto kulia. Hilo nakuahidi.

Pumzika sasa, Koku wangu. Umefanya kazi nzuri. Chakula kimeshaiva, mama yako ameita mara mbili, na mwanao bado yuko nje, anasema haingii.

Asimwe