Oili ya Bwana Mkurugenzi

Jumatatu, 29 Januari

Taa ya njano imewaka. Badilisha oili! Gari la miezi miwili, nailoni ya viti hatujaitoa, kilomita elfu mbili hazijatimia. Waliotuuzia walisema mpaka elfu kumi. Iliwaka nikiwa palepale ninaposhinda tangu ofisi iniachishe kazi Desemba — maegesho ya kando ya mto, tai shingoni, hita ya gari inanguruma kufukuza baridi, nasubiri saa kumi na mbili jioni nirudi nyumbani "kutoka kazini". Mke wangu hajui. Naona aibu.

Jumanne, 30 Januari

Mke wangu, Jeong-im, kaiona taa. Mbio hadi kwenye buti, kumkagua yule samaki mkavu aliyemfunga uzi siku tulipolifanyia gari tambiko na kuyamwagia matairi pombe ya mchele. Samaki yupo, mdomo wazi. Basi mizimu haina kosa, kasema, tumeuziwa gari la mtumba! Nikamwambia magari ya siku hizi yana wasiwasi tu, kama mama yake. Sijui kwa nini nilimtaja mama yake.

Alhamisi, 1 Februari

Nimejaribu kuizima mwenyewe. Dakika arobaini za kubonyeza. Nimefanikiwa kubadilisha lugha — sasa linanionya kwa Kijapani.

Jumamosi, 3 Februari

Gereji. Jeong-im kaingia na moto wake: "Semeni kweli! Nani alilitumia kabla yetu?"

Fundi kachomeka waya, kachapa karatasi, kaisoma, kaniangalia mimi.

"Bwana mkurugenzi," — hapa kila mteja ni mkurugenzi, hata mimi — "gari halina tatizo. Linahesabu na saa za injini, si kilomita tu. Hili limewaka saa mia tatu likiwa limesimama. Kwani unaishi humo?"

Alikuwa anatania. Jeong-im kaikunja ile karatasi mara nne, kaitia mkobani, kamwinamia fundi kumwomba radhi.

Tumekaa tunasubiri, wanamwaga oili. Naandika ili nisimtazame. Kaniletea kahawa ya mashine. Kisha, kwa sauti ya chini:

"Baba Garam. Na ule wali ninaokufungia, unakulia wapi?"

"Garini."

"Peke yako?"

"Na samaki."

Hajacheka. Kaushika mkono wangu wa kushoto, kaubana mpaka unauma, na bado hajauachia.

"Bwana mkurugenzi, tayari!" fundi anaita.

Hakuna aliyesimama.